Re: Nikahi bila cheti cha serikali huku Uingereza

Kutoka: Umm Yusra (Leicester)

Asalaam alaikum,

Swali la kama nikahi peke yake inatosha linarudi humu kila baada ya muda, basi nalijibu kwa urefu. Kidini inatosha. Kwa sheria ya England na Wales mara nyingi haitoshi, hata kama walii na mashahidi walikuwapo na mahari ilitajwa. Kesi ya Akhter na Khan imeweka wazi jambo hili: nikahi ilifungwa mgahawani London mwaka 1998, wakaishi pamoja na kuzaa watoto wanne, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ikasema ile haihesabiki hata kuwa ndoa batili. Tofauti ni kubwa, kwa sababu mke wa ndoa batili bado angeweza kuomba mgao wa mali mahakamani. Huyu hawezi. Na miaka mliyokaa pamoja haigeuzi nikahi kuwa ndoa ya kisheria.

Anayetaka kuolewa msikitini aulize mambo mawili: jengo limesajiliwa kufungisha ndoa, au limesajiliwa kama mahali pa ibada tu? Na siku hiyo nani mwenye idhini ya kusimamia? Misikiti mingi ina usajili wa ibada pekee, na mtu akiambiwa "msikiti wetu umesajiliwa" anaridhika. Orodha ya majengo ya ibada yanayoruhusiwa kufungisha ndoa iko kwenye tovuti ya serikali, gov.uk.

Kama jengo halimo, nendeni ofisi ya msajili. Kila mmoja anatoa taarifa ya ndoa mwenyewe, baada ya kukaa katika eneo lake angalau siku 7 kamili. Kisha mnasubiri siku 28. Kama mmoja wenu yuko chini ya masharti ya uhamiaji, Wizara ya Mambo ya Ndani inaweza kuzifanya 70, kwa hiyo msilipie ukumbi mapema. Chukueni pasipoti na uthibitisho wa anwani. Aliyewahi kuoa au kuolewa aongeze hati ya talaka au ya kifo. Ikiwa ni ya Kiswahili, iende na tafsiri iliyothibitishwa. Wengi hukwama hapo, wamebeba barua ya shehe tu.

Ushauri wangu: cheti kwanza, nikahi baadaye, au vyote siku moja. Wageni wakishatawanyika, "tutaenda wiki ijayo" inageuka miaka, na bibi harusi hana tena cha kumshikia bwana.

---

Kutoka: Mwalimu H. (Glasgow)

Waalaikum salaam. Scotland ni tofauti, msichanganye. Huku imamu mwenye idhini anaweza kufungisha ndoa ya kisheria popote, nyumbani au ukumbini, mradi mkononi ana hati ya ndoa iliyotolewa na msajili kabla ya shughuli. Fomu ya taarifa ya ndoa inaitwa M10, kila mmoja yake, na zifike kwa msajili si chini ya siku 29 kabla. Baada ya nikahi hati iliyosainiwa irudishwe ndani ya siku 3. Bila hati hiyo imamu asifungishe.

Na aliyekaa na mume bila cheti, wakaachana, Scotland inamruhusu kudai fidia ya fedha mahakamani, lakini ndani ya mwaka 1 tangu kutengana. Wengi huumaliza mwaka huo katika vikao vya suluhu vya wazee.

---

Kutoka: Bint Ali (Cardiff)

Na ndoa iliyofungwa Mombasa au Zanzibar?

---

Kutoka: Umm Yusra (Leicester)

Bint Ali, ikiwa ilikuwa halali kwa sheria ya kule, huku inatambuliwa. Huhitaji kuisajili upya. Tunza cheti halisi mahali unapopafikia wewe, si kwenye kabati la mume peke yake.

Sasa dada ambaye tayari ana nikahi tu. Kufunga ndoa ya serikali leo hakuvunji nikahi. Mume akikataa, usikae bure:

Jina lako liingie kwenye hati ya nyumba. Kama ulichangia malipo ya awali, weka taarifa za benki zinazoonyesha fedha zikitoka kwako. Pesa taslimu uliyompa mkononi ni vigumu kuithibitisha. Mume aandike wosia, maana bila wosia mke asiye na cheti hayumo kwenye mgao wa warithi. Anaweza kuomba mahakama impe riziki ikiwa aliishi naye miaka 2 mfululizo hadi kifo, na dai lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu kutolewa kibali cha kusimamia mirathi. Fomu ya pensheni ya kazini iandikwe jina lako. Mahari iandikwe kiasi na isainiwe; mahakama zimeshaitambua kama deni la mkataba.

Matunzo ya watoto hayategemei cheti cha ndoa. Cha kushangaza, ukiomba Universal Credit (posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo) mnahesabiwa kuwa wenza kwa kuwa mnaishi pamoja; cheti kinaulizwa pale unapotaka haki ya mke.

Upande wa pili: mwenye cheti akipewa talaka ya mdomo, kisheria bado ni mke. Talaka ya mahakama ina kusubiri wiki 20 tangu maombi, kisha wiki 6 nyingine kabla ya kukamilika. Mgao wa mali uombewe amri yake. Hauji wenyewe na talaka.

---

Kutoka: Mwalimu H. (Glasgow)

Naongeza kwa waliokuja kwa viza ya mume na wananyanyaswa: kuondoka nyumbani si lazima kuwe mwisho wa ukaaji. Kuna kibali cha miezi 3 cha wahanga wa unyanyasaji wa nyumbani, hakilipiwi, na kinafungua mlango wa misaada ya serikali. Maombi ya makazi ya kudumu yapelekwe kabla miezi hiyo haijaisha. England pigeni 0808 2000 247, Scotland 0800 027 1234, saa 24, bure. Ombeni mkalimani wa Kiswahili, na msikubali mtoto au shemeji atafsiri.