Naomba ushauri: nataka boti ya kuvulia isiyoumiza mgongo

Mstaafu_Mpya:
Wakuu, habari za jioni. Nimestaafu mwaka jana, niko Pangani, naunda boti ya mbao ya kuvulia, futi 28. Vyombo vya watu nimevipanda tangu utoto na ninachokijua ni kimoja: ukirudi pwani, mgongo si wako. Unakalia ubao, jua la utosi, maji ya ngama, yale yanayotuama chini ya chombo, miguuni, na haja kubwa ni aibu ya kijiji kizima. Nataka chombo ambacho naweza kulala baharini siku mbili kama binadamu. Swali dogo tu: sakafu ya kuwekea godoro niweke mbao au plaiwudi? Na choo kikae tezi, yaani nyuma, au omo, mbele?

Kinyozi wa Tandale:
Godoro baharini? Mzee unafuata samaki au unakimbia mtu nyumbani?

DadaUshongo:
Shikamoo baba. Omo inarukaruka, tezi kuna mashine. Ndoo yenye mfuniko katikati, pazia la kanga, umemaliza.

Fundi_Nungwi:
Plaiwudi ya kawaida ikishanywa maji inaachana matabaka kama chapati. Ila sakafu siyo ugonjwa wako. Ubavu una kimo gani? Mgongo wa mvuvi unauawa pale kwenye kuvuta wavu. Ukingo ukikufika mapajani unauegemea, mwili wote unavuta. Ukikufika kifuani unavuta kwa mikono mitupu. Na umesema kulala, kwa hiyo kuna banda. La futi ngapi?

Mstaafu_Mpya:
Ubavu anaujua fundi wangu. Banda ni la kawaida tu. Tuendelee na choo.

BabuLamu:
Mnahangaika na mbao? Huku kwetu waliunda jahazi la plastiki za kuokota, likavishwa ndala kama 30,000. Ndiyo hiyo Flipflopi, ikashuliwa majini 2018, na mwaka uliofuata ikatweka tanga mpaka Unguja. Wewe bado unauliza habari za plaiwudi.

Fundi_Nungwi:
Babu, ngoja kidogo. Mstaafu, la kawaida ni futi ngapi?

Mstaafu_Mpya:
Sita na nusu. Mimi mrefu, na sitaki kuinama ndani ya chombo changu mwenyewe. Limeshasimama, mbao za mninga, paa la bati. Juu kuna sola mbili na tanki la maji lita 200 ili bomba la kuogea lishuke lenyewe. Limependeza mno, sioni kwa nini niulizwe.

Fundi_Nungwi:
Astaghfirullah. Lita 200 ni kilo 200, na umezipandisha juu ya paa. Huo ni mnazi uliopandwa kwenye karai. Tena tanki likiwa nusu ndiyo balaa zaidi: chombo kikilala upande, maji nayo yanakimbilia upande uleule. Halafu ukuta wa futi sita na nusu, upepo wa kusi unaufanya tanga usiloweza kulitua.

Dagaa_Mwanza:
Kivuko cha MV Nyerere pale Ukara, Ziwa Victoria, 2018 kiligeuka kikiwa karibu kabisa na gati. Watu wanadhani ajali inataka bahari kuu. Mimi mwenyewe usiku mmoja tunavua dagaa, kijana alisimama tu kurekebisha taa, mtumbwi ukanywa maji, tukakesha tunafua maji kwa sufuria ya ugali. Simu yangu iko chini mpaka leo.

DadaUshongo:
Pole Mwanza. Baba, nahodha wako amesemaje?

Mstaafu_Mpya:
Hili sikutaka kulisema. Nahodha ni mjomba wangu, amevua tangu enzi za tanga. Mwezi uliopita tuliishua kwenye bamvua, maji yakijaa sana, humohumo mtoni. Watu wanne wakasogea upande mmoja kutazama mashine, boti ikalala mpaka maji yakaingia. Lakini iliinuka yenyewe! Mjomba akashuka, akachukua kandambili zake, akasema yeye hapandi kaburi lenye dirisha. Kesho yake akarudisha posho. Ni mtu wa zamani. Fundi amesema farumi, ule uzito wa kuweka chini ya chombo kisiyumbe, itatibu, nimeshanunua viroba 30 vya mchanga.

Fundi_Nungwi:
Mjomba mpe shikamoo yangu. Farumi inasaidia, lakini kila kiroba kinaushusha ukingo, na bado hujapakia barafu, nyavu na samaki. Viroba visipofungwa vinahama. Shusha tanki ngamani, weka pampu ya mkono. Banda lisizidi futi 4, la kukaa na kulala, ukitaka kusimama toka nje. Kivuli kiwe turubai juu ya nguzo za kung'oleka. Mninga wako usitupe, ndiyo sakafu uliyoiuliza. Kisha pakia mzigo wote, wasimamishe tena wale wanne upande mmoja, humohumo mtoni, upime ukingo umebaki kiasi gani.

Mpelelezi_Huru:
Subirini kwanza. Huyuhuyu mwezi wa tatu alifungua uzi wa matikiti maji, ekari 5, Dodoma. Leo ana boti Pangani. Chai hii.

Kinyozi wa Tandale:
Ya tangawizi. Nimevuta kiti.

Mpelelezi_Huru:
Kama kweli uko Pangani, mlango wa mto ukoje maji yakitoka?

Mstaafu_Mpya:
Maji yakitoka na kusi inavuma, wimbi linasimama wima juu ya fungu la mchanga. Unangoja yajae. Na Dodoma ndiko nilikofanyia kazi. Matikiti yalikuwa nusu ya kwanza ya kiinua mgongo. Hii ni nusu ya pili.

Dagaa_Mwanza:
Duh. Mama anajua?

Mpelelezi_Huru:
Weka picha.

Mstaafu_Mpya:
Picha zinakataa kupanda, mtandao.

Kinyozi wa Tandale:
Hahahaa, mods fungeni uzi.

DadaUshongo:
Ipo jamani. Niliiona Jumanne nikivuka mto, bati la bluu, na pazia dirishani. Watoto wanaiita gesti.

Mfugaji_Muheza:
Bati geji ngapi hilo? Ukilishusha nalihitaji, nina banda la kuku.

Mstaafu_Mpya:
Geji 30. Njoo Jumamosi na usafiri wako. Sola siuzi.