Msaada: OR inameza mapigo, na kengele ya hatua 12 kwa lojiki tupu

Dunda_Bgy

Wakuu, habari za humu. Niko Bagamoyo, naandaa mdundo wa sinthesaiza ya moduli utakaopigwa pamoja na ngoma za ngozi, kwa hiyo nahitaji mzunguko wa hatua 12, si 16. Nilichonacho: kloki (pigo moja kila hatua), kigawanyaji cha kloki (/2 ni kila hatua mbili, /3 kila tatu, vivyo hivyo /4 na /6), moduli moja ya lojiki yenye AND (hutoa zote mbili zikiwa juu), OR (angalau moja ikiwa juu) na XOR (moja tu ikiwa juu), kiki (sauti ya ngoma ya besi), haihati (matoazi) na sauti ya kengele.

Nikiingiza /2 na /3 kwenye OR nategemea mapigo ya 1, 3, 4, 5 katika kila hatua sita. Yanatoka 1 na 3 tu. Nikihamia XOR ndiyo vurugu kabisa, kuna pigo linaangukia katikati ya hatua.

Halafu nataka ile kengele ya 1, 3, 5, 6, 8, 10, 12. Inawezekana bila kununua sikwensa (kifaa cha kupangia mapigo)? Kulehemu naweza.

FundiKaole

Moduli yako ni nzima, haina tatizo, mkuu. Wewe unawaza triga (pigo fupi), lakini unachochomeka ni geti (volti inayokaa juu kwa muda). Kigawanyaji kinachokaa nusu juu nusu chini, /2 yake iko juu hatua 1, 3 na 5 kwa hatua nzima. /3 iko juu kwa hatua moja na nusu, kuanzia 1 na kuanzia 4. Sasa zichore kwenye karatasi: /2 inashuka mwisho wa hatua ya 3, sekunde hiyohiyo /3 inapanda, na kabla /3 haijashuka /2 imeshapanda tena ya 5. Kwa OR hilo ni geti moja refu kutoka 3 hadi mwisho wa 5. Kiki inasikia kupanda tu, basi inapiga mara moja.

XOR nayo ni hivyohivyo. /3 inaposhuka katikati ya hatua ya 5 huku /2 bado iko juu, XOR inapanda hapo. Ndilo pigo lako la ajabu.

Dawa: fupisha kila geti liwe triga KABLA ya lojiki. Kapasita ya 47nF kwenye njia ya saini (ishara ya umeme), baada yake rezista ya 100k kwenda graundi, na dayodi ya 1N4148 sambamba na rezista, mstari wake ukiangalia saini ili volti hasi ya geti linaposhuka imalizikie hapo. Kwa geti la 5V na lojiki inayoamua kwenye 2.5V unapata triga ya kama milisekunde 3. OR itakupa 1, 3, 4, 5. AND itakupa 1. XOR itakupa 3, 4, 5.

Usijaribu njia ya mkato ya kuweka AND ya kloki baada ya OR. Geti la /3 linavuka hadi hatua ya 2, kwa hiyo utapata pigo ambalo hukuliita.

Kwa XOR uwe macho. Kapasita mbili hazilingani, triga moja inaisha mapema kidogo kuliko nyingine, na ile tofauti inabaki kama kijipigo kwenye hatua ya 1. Kama kiki yako ni nyepesi kushtuka, utaisikia.

BintiMwambao

Kengele hiyo inatoka vizuri sana kwa XOR, na watu wengi hawaioni. Tazama: 1, 3, 5 ni hatua witiri. 6, 8, 10, 12 ni shufwa. Yaani ni /2 ya kawaida inayogeuzwa juu chini kuanzia hatua ya 6 hadi 12. Na kazi ya XOR ndiyo hiyo: geti la pili likiwa chini inapitisha kama ilivyo, likiwa juu inageuza.

Chipu nne: CD4040 (kihesabu), CD4081 (AND nne), CD4071 (OR nne), CD4070 (XOR nne). Umeme 5V kupitia 78L05 (kidhibiti cha volti), kapasita ya 100nF karibu na kila chipu.

4040: kloki mguu wa 10 kupitia rezista ya 100k. Matokeo yake: Q1 (thamani 1) ni mguu 9, Q2 (thamani 2) ni 7, Q3 (thamani 4) ni 6, Q4 (thamani 8) ni 5. Umeme 16, graundi 8. Inahesabu kuanzia 0, kwa hiyo hatua ya 1 ni hesabu 0. Chipu tatu zilizobaki zina miguu ya mpangilio mmoja: 1 na 2 zinatoka 3, 5 na 6 zinatoka 4, 8 na 9 zinatoka 10, 12 na 13 zinatoka 11. Umeme 14, graundi 7.

Kurudi mwanzo: Q3 na Q4 ziingie AND ya kwanza (4 + 8 = 12), itoke kwenda mguu 11 wa 4040.

Geti la kugeuza, liite G, liwe juu hesabu 5 hadi 11: Q1 na Q2 ziingie OR ya kwanza, jibu lake pamoja na Q3 AND ya pili, jibu la hapo pamoja na Q4 OR ya pili. Hiyo ndiyo G.

Q1 na G ziingie XOR ya kwanza. Jibu lake liingie XOR ya pili, mguu wa pili wa hiyo XOR ukifungwa kwenye +5V. Hapo inakuwa kigeuzi. Mwisho AND ya tatu: jibu hilo na kloki. Kengele inatoka hapo kupitia rezista ya 1k. AND hii usiiruke, bila yake 5 na 6 zinaungana, 12 na 1 pia, unabaki na mapigo matano.

AND ya nne usiitupe. Chukua jibu la XOR ya kwanza kabla ya kugeuzwa, liunganishe na kloki: unapata 2, 4, 7, 9, 11. Ni mapengo yote ya kengele, haigongani nayo hata mara moja. Mpe haihati.

Miguu ya kuingilia usiyotumia ifunge graundi. Ukiiacha inaning'inia, chipu za aina hii (CMOS) zinaokota mvumo wa umeme wa nyumba na kubadilika zitakavyo.

Dunda_Bgy

Dada, nimepanga kwenye bredibodi. 78L05 sikuwa nayo, nimetumia +12V ya reli ya umeme ya sinthesaiza. Kihesabu kimelala, Q zote chini, ingawa kloki naiona kwenye mita.

FundiKaole

Ni hiyo 12V. Chipu hizi zinapima kwa sehemu ya umeme unaozipa. Uhakika wa kusoma "juu" ni asilimia 70, yaani 8.4V ukizipa 12V. Kloki yako ni ya 5V, haifiki. Kwa umeme wa 5V inatosha 3.5V. Na kloki ya 10V haitaidhuru ukiwa na ile 100k: kinachopita kwenye dayodi za ndani ni kama mikroampea 50.

NianjemaLab

Kabla ya kulehemu ijaribu kwenye VCV Rack (programu ya kompyuta ya sinthesaiza ya moduli), ni bure. Ila kuna mtego: kila waya mle ndani unachelewesha sampuli moja, kama milisekunde 0.023 kwa sampuli 44,100 kwa sekunde. Q1 inafika XOR kwa waya mmoja, G imepita waya nne. Kila zinapobadilika pamoja inatoka chembe ya pigo la uongo. Na vihesabu vingi mle vinahesabu kloki ikipanda, sekunde ileile AND ya mwisho inapofunguka, kwa hiyo chembe inapita.

Weka kigeuzi kati ya kloki na kihesabu. Kihesabu kibadilike kloki ikishuka, AND ifunguke ikipanda, mabadiliko yote yatakuwa yameshatulia nusu hatua kabla.

BintiMwambao

Sahihi kabisa. 4040 yenyewe inahesabu kwa kushuka, ndiyo maana niliichagua. Faida nyingine: baada ya kurudishwa mwanzo, pigo la kwanza la kloki ni hatua ya 1 kweli. Kwa kigawanyaji kinachohesabu kwa kupanda mara nyingi unaanzia hatua ya 2, na ukiwa na mpiga ngoma pembeni atakukodolea macho.

MzeeWaWaya

Vijana mnajitesa. Arduino Nano moja (kikompyuta cha kuprogramu), mistari ishirini ya kodi, kazi imeisha.

BintiMwambao

Shikamoo mzee. Kama mdundo haubadiliki, Nano inatosha. Lakini hapa waya mmoja unabadilisha mambo huku ngoma inaendelea. Toa G, weka geti la kitufe: kila ukibonyeza, kengele inahama kutoka witiri kwenda shufwa papo hapo. Au badala ya OR ya Q1 na Q2 weka AND. G itaanza hesabu 7, na kengele inakuwa 1, 3, 5, 7, 8, 10, 12, mzunguko uleule uliosogezwa. AND hiyo itabidi uichukue kwa haihati.

Dunda_Bgy

78L05 imepatikana, kengele inalia sawasawa. Nitaianzishaje pamoja na wapiga ngoma?

FundiKaole

Una OR mbili za bure kwenye 4071. Chukua ya tatu: mguu 8 upokee jibu la AND ya kurudisha, mguu 9 kitufe cha kwenda +5V pamoja na 100k kwenda graundi, mguu 10 uende kwenye mguu 11 wa 4040 badala ya ule waya wa AND. Shika kitufe, achia kabla tu ya pigo lao la kwanza. Ujue kwamba ukikishikilia, hesabu inaganda kwenye 0 na kengele italia kila kloki. Wengine wanakitumia makusudi kufanya roli (mapigo ya mfululizo).

Kasi ya kloki pia lazima uishike mkononi, maana wapiga ngoma hawatakusubiri. Na kwa upepo wa bahari wa hapo kwenu, jeki zikianza kutoa mapigo mawili badala ya moja, usikimbilie kufumua saketi. Chomeka na kuchomoa kila jeki mara kadhaa, kisha spirti ya asilimia 90 na kuendelea kwenye plagi. Kutu ya chumvi inakatakata mguso, na kihesabu kinaihesabu kama kloki.