MREJESHO: DHCP (huduma ya kuzigawia kompyuta anwani za mtandao) kwenye ruta ya Cisco, kompyuta za maabara sasa zinapata anwani

Wakuu, habari zenu. Niliuliza hapa kwa nini baadhi ya kompyuta za maabara yetu zinajipa anwani za 169.254, na nyingine zinapata 192.168.1 wakati mtandao wetu ni 192.168.10. Asanteni sana, tatizo kubwa limekwisha.

Aliyesema kuna kifaa kingine kinachogawa anwani alilenga penyewe. Nyuma ya kabati kulikuwa na ruta ndogo ya Wi-Fi imechomekwa kwenye swichi. Ndiyo iliyokuwa ikigawa za 192.168.1; tumeichomoa.

Za 169.254, ambazo kompyuta hujipa yenyewe ikikosa ya kugawiwa, zilitokana na anwani kuisha. Mipangilio tuliyoikuta kwenye ruta ilitenga .1 hadi .240 zisigawiwe, zikabaki 14 tu za kugawa. Hapa msikilize vizuri, maana ndipo penye mtego: ukiandika safu mpya, ile ya zamani haifutiki. Anza na

no ip dhcp excluded-address 192.168.10.1 192.168.10.240

kisha ndipo uweke

ip dhcp excluded-address 192.168.10.1 192.168.10.20

Kuhakiki, nilitumia ipconfig /release na /renew (kuachia anwani na kuomba nyingine) kwenye kila kompyuta, halafu ipconfig /all kuona kama seva ya DHCP inasomeka 192.168.10.1. Kwenye ruta, show ip dhcp binding inazionyesha anwani zote zilizogawiwa.

Printa ndiyo imegoma. Ushauri wa kuihifadhia anwani kwa client-identifier (kitambulisho cha kifaa), hata kwa kutanguliza 01 kabla ya MAC (namba ya kadi yake ya mtandao), haukufanya kazi kwangu. Nimeiwekea 192.168.10.15 kwa mkono, na inachapa bila shida. Mbarikiwe sana.