Tupeane uzoefu: Mliotoka kwenye nyumba zenu nje ya mji mkarudi kupanga mjini kwa ajili ya watoto

Mama wa Ghorofani

Wakuu, habari za jioni. Naanza mimi, nanyi mmwage ya kwenu.

Tulijenga Madale, pembezoni mwa Dar es Salaam. Vyumba vitatu, fensi, geti jeusi, na mwembe ambao ndiyo kwanza umeanza kuzaa. Tumekaa pale miaka sita. Mwaka jana mwezi wa nane tukaipangisha, tukahamia Magomeni: vyumba viwili na sebule, ghorofa ya kwanza, laki nne na nusu kwa mwezi, miezi sita mkupuo, na dalali akachukua mwezi wake juu. Mama mkwe hajanielewa hadi leo. Alipiga simu: "Mwanangu, mtu anatoka kwake anakwenda kupanga? Kuna nini humo ndani?" Mawifi wao wana jibu lao, kwamba nimemtoa kaka yao kwenye nyumba yake ili niwe karibu na Kariakoo.

Kilichotutoa ni saa kumi usiku. Simu inalia, namwamsha mtoto wa darasa la pili, namvalisha soksi bado amelala. Basi la shule linapita saa kumi na moja kasorobo, maana sisi wa mbali ndio tunaoanza kuchukuliwa. Jioni anashushwa giza limeingia, anakula huku anasinzia. Baba yake akitoka Posta na foleni ile anafika saa tatu, watoto wamelala. Jumapili moja yule mdogo akamwita "anko". Mimi nilicheka. Mwenzangu hakucheka.

Sasa shule ni dakika kumi na mbili kwa mwendo wa mtoto, nimepima. Baba yao anapanda basi la mwendokasi, saa kumi na mbili na nusu yuko mlangoni.

Wiki ya pili nikamtuma yule mkubwa genge la kona, nyanya za elfu moja na vitunguu. Dakika tano, kumi, ishirini. Nikatoka na kanga begani, moyo mkononi. Nikamkuta kwenye baraza la wazee wa bao, mfuko wa vitunguu umebanwa kwapani, mzee mmoja anamwonya asiivunje mapema "nyumba" yake, lile shimo kuu la bao. Mzee akaniangalia: "Mama, usihangaike, huyu tunamjua, wa ile ghorofa ya kijani." Wiki ya pili tu! Madale miaka sita, jirani wa kushoto nilikuwa namjua kwa honi ya gari lake.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mtoto anahitaji mtaa kuliko anavyohitaji uwanja. Mniambie kama nimekosea.

Mkazi wa Kibada

Dada, umekosea, ila kwa adabu. Mimi nimepanga miaka kumi na minne, Temeke na Tandika. Nimehamishwa mara nne. Mara moja mwenye nyumba alitupa wiki mbili, kijana wake anaoa. Mtoto akizoea mtaa, mtaa unaondoka. Hapa Kibada nilinunua kiwanja kilichopimwa kwenye ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002. Barabara za mitaa zipo kwenye ramani, maeneo ya wazi yapo. Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa 2016 safari ikawa nyepesi, ingawa tozo ya gari kila siku inauma.

Hata hivyo nikiri jambo moja. Duka na shule vilikuja nyuma sana ya nyumba. Kwa miaka mingi hapa mkate ulikuwa safari. Tulipewa viwanja, mtaa tukaambiwa tutengeneze wenyewe.

Mtoto wa Upanga

Nimekulia Upanga, kwenye zile fleti zilizotaifishwa na serikali 1971 na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Ghorofa tatu, bila lifti, mama alikuwa anashusha kikapu kwa kamba kuvuta maandazi kutoka kwa muuzaji aliyesimama chini. Jumamosi tulikuwa tunakwenda kwa miguu Maktaba Kuu pale barabara ya Bibi Titi, watoto watano bila mtu mzima, kivuli cha miti njia nzima.

Mtaa huohuo leo una maghorofa marefu, na magari yamepangwa hadi juu ya njia ya miguu. Miti mingi imekwenda. Kodi sitaitaja, msije mkaugua. Mjini kunakofaa kwa familia kupo, lakini anayekaa huko mara nyingi ni mwenye kazi nzuri au aliyerithi.

Jirani wa Baa

Mimi niko Sinza, nawapa upande wa pili. Viwanja vya huku vilipimwa miaka ya sabini kwa ajili ya watu wa kipato cha kawaida, na kwa kutembea pako vizuri mno: mitaa imenyooka, duka la dawa, saluni, kinyozi, chipsi, vyote ndani ya dakika tatu. Ila kutembea ni kupita mahali, na mtoto wangu anapita baa nne na gesti mbili kwenda kwa bibi yake. Ijumaa spika zinatetemesha nondo za madirisha. Binti aliniuliza kwa nini gesti inaandika bei ya saa mbili. Nikamwambia wageni wanapumzika. Akasema, "Mchana?"

Mkazi wa Kota

Mjumbe wa kwanza, umenigusa. Mimi ni mmoja wa kaya 644 za Magomeni Kota. Nyumba zetu za chini zilibomolewa, tukatawanyika miaka na miaka, na majengo mapya yakazinduliwa Machi 2022. Watu walidhani tutafurahia vigae. Mimi nilifurahia kumkuta jirani wa zamani kwenye ngazi. Haya tuendelee.

Mjukuu wa Bibi

Mnasema "kutembea" kama vile kila mtu ana magoti. Nakaa Ilala na bibi yangu, anatumia kiti cha magurudumu. Kutoka kwetu hadi zahanati ni mita mia nne. Nahesabu: mfuniko wa mtaro uliovunjika, meza ya viatu vya mtumba, rundo la kokoto za mtu anayejenga, bodaboda tano kwenye kona, mtaro usio na mfuniko kabisa. Tunaishia kushuka barabarani tukipigiwa honi na bajaji. Afadhali kando ya barabara ya Morogoro, tangu mwendokasi ulipoanza 2016 kuna njia pana ya miguu, ingawa bodaboda nao wameiona. Kona moja mbovu ya mtaa inatosha kumfungia mtu ndani.

Fundi Maji

Neno moja kwa wanaotafuta nyumba maeneo ya Jangwani, Kigogo na Mchikichini: nendeni mvua za Machi na Aprili, si Agosti. Tazameni ukuta wa jirani. Ule mstari wa kahawia uliofika usawa wa kitasa haukupakwa kwa brashi, ni mafuriko ya mto Msimbazi. Karibu na mjini kote huko, na bei inavutia kwa sababu hiyohiyo.

Baba Kimara

Swali kwa mleta mada. Mlichaguaje nyumba? Mimi dalali alinipitisha nyumba saba kwa gari, zote saa nne asubuhi, zote tulivu.

Mama wa Ghorofani

@Baba Kimara, tulimkatalia gari. Tulikwenda na mtoto, kwa miguu, mara tatu: saa kumi na mbili asubuhi wakati wa shule, saa nane mchana jua kali, na saa tatu usiku. Dalali alitucheka, akasema hajawahi kuona wapangaji wanaokagua barabara badala ya choo. Nyumba ya kwanza tuliyoipenda tukaiacha usiku, karibu na mlango palikuwa na kijiwe nisichokitaka. Ya pili tuliiacha kwa sababu ya kivuko: mtoto alisimama dakika nane hakuna gari lililompisha. Hii ya tatu choo chake ni kibaya kweli, dalali alikuwa na haki. Na maji yanatoka kwa zamu, tuna madumu kumi na moja barazani.

@Jirani wa Baa, hilo la gesti limenichekesha, halafu limenitisha. Kwetu bado haijafika.

@Mjukuu wa Bibi, sina jibu. Jana nimepita njia ya shule nikaihesabu kwa macho yako. Mitaro miwili. Mwanangu huwa anairuka, sikuwahi kuiona.

@Mkazi wa Kibada, hilo la kuhamishwa ndilo linaloninyima usingizi, na ndiyo maana Madale hatukuuza. Mkataba wetu unaisha Agosti, mwenye nyumba ameanza kutaja laki tano na nusu.

Mpenda Hewa

Dada samahani, nje ya mada kidogo. Hiyo nyumba ya Madale bado ina mpangaji? Sina mtoto, nafanya kazi nyumbani, nataka kimya.

Mama wa Ghorofani

Anatoka Juni. Njoo faragha tuongee. Ila maembe ni ya mama mkwe.