Naomba ushauri: gia za kupandia mlima kwenye baiskeli ya mbio

Wakuu, habari za majukumu. Nina baiskeli ya mbio ya mtumba, fremu ya alumini, mfumo wa gia wa Shimano Sora wenye gia tisa nyuma. Mbele ina sahani mbili za meno 50 na 34, na kaseti (rundo la gia za nyuma) ni ya meno 11 hadi 25. Kwenye tambarare inakwenda vizuri mno. Shida ni ule mlima wa kutoka Mto wa Mbu kupanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Karatu. Hata kwenye gia nyepesi kabisa, pedeli zikizunguka mara moja gurudumu linazunguka mara moja na zaidi ya theluthi. Magoti yanauma hadi kesho yake.

Nafikiria kaseti ya 11 hadi 32. Fundi mmoja anasema kibadili gia cha nyuma kina mkono mfupi, hakitamudu. Mwingine anasema nirefushe cheni tu. Mimi namwamini zaidi wa kwanza. Aliyewahi kufunga kaseti hiyo kwenye Sora, ulilazimika kubadilisha nini kingine? Na tairi za milimita 28 badala ya 23, zinasaidia kweli kwenye lami yetu? Bajeti ni laki tatu, na vipuri vya mtumba vilivyo vizima nachukua.