Uso wa baba yangu umetiwa kwenye tangazo la kamari, nikiuliza naambiwa "si mlikuja uwanjani wenyewe?"

Asalaam aleikum wana jukwaa. Uzi huu ni mrefu na nauandika nikiwa nimekasirika, mwenye kutaka maneno ya asali apite tu aende nyuzi nyengine.

Baba yangu ana miaka 71. Ni maalim, anasomesha chuo cha Qur'ani huku kwetu Pemba tangu mimi sijazaliwa, na nusu ya wanaume wa shehia yetu wameonja bakora yake wakiwa bado kwenye alifu na bee. Mpira anaupenda kupita kiasi, na hilo halifichi. Mwaka jana nilimchukua tukaenda kutazama mechi. Uwanja siutaji, mechi siitaji, kampuni siitaji, maana nimeshaonywa kuwa nikiropokwa hapa mimi ndiye nitakayegeuka mshitakiwa.

Timu yetu ikasawazisha dakika za lala salama. Mzee akavua kofia, akaikumbatia kifuani, akalia. Si machozi ya kujitia, analia mtu mzima na ndevu zake nyeupe mpaka mabega yanatikisika. Mpiga kamera alikuwa chini yetu karibu na ukuta, akamwona, akamganda. Usiku ule tukajiona kwenye televisheni. Mtaa mzima ukapiga makelele, watu wakaja barazani kumtania, gahawa ikanywewa mpaka saa 5. Mwenyewe alicheka. Kwa hilo sikuwa na neno, na mpaka leo sina. Ukienda uwanjani unajua kamera zipo. Mpira unarushwa, na mashabiki ni sehemu ya mpira.

Sasa sikilizeni kilichofuata.

Imepita kama miezi saba, mtoto wa dada yangu aliyeko Unguja ananitumia kivideo cha sekunde 20 na kauliza neno moja: "Mjomba?" Nakifungua. Ni mzee. Anavua kofia, analia, picha imepunguzwa kasi, imetiwa muziki. Kisha yakaja maandishi: "Mkeka ukitiki, hata wewe utalia." Chini yake nembo ya kampuni ya kubeti na namba ya kulipia.

Nilikitazama mara tatu nikidhani nimekosea. Kofia ile ile, kanzu ile ile, na mkono ulio begani kwake ni wangu mimi.

Kwa wasiotujua: kwa maalim wa chuo kamari si "burudani" wala "bahati nasibu". Ni maisiri, kamari iliyoharamishwa. Yeye mwenyewe ndiye anayewasomesha watoto aya inayoitaja maisiri pamoja na ulevi. Na kuhusu mkeka, wabetiji wanaita hivyo karatasi yao ya ubashiri, na ikishinda ndiyo "imetiki"; lakini maisha yake yote mkeka anaoujua ni ule wa ukindu ambao watoto wanaukalia wakisoma. Sasa kuna vijana wakipita chuoni wanamwita kwa mbali, "Maalim, mkeka umetiki?" Watoto wanacheka. Hajui wanacheka nini, ilibidi mimi nimweleze. Nimwelezee baba yangu, kwa mdomo wangu, kwamba uso wake unawaita watu kwenye kamari.

Na kuna jengine baya kuliko mzaha. Watu wanadhani kalipwa. Hawasemi mbele yake, wanasema nyuma: "Maalim naye kapewa ngapi?" Msikitini, imamu akiwa na udhuru, mzee ndiye aliyekuwa akisalisha. Siku hizi imamu akikosekana yeye anajibanza safu ya nyuma kabla hajaambiwa kitu na mtu. Kajitoa mwenyewe. Hakuna aliyemfukuza, na hilo ndilo linaloniuma.

Nikaanza kupiga simu. Kampuni ya kubeti wakanambia video si yao, wamepewa na wakala wa matangazo. Wakala akasema picha wamenunua kihalali, risiti wanayo. Wamenunua kwa nani? Kwa wenye haki za kurusha mechi. Hao nao wakasema haki hizo wamepewa na waandaaji. Kwa waandaaji nikamkuta kijana mmoja mwenye adabu sana, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akanambia: "Mzee wangu, masharti yako nyuma ya tiketi. Ukiingia umekubali kupigwa picha."

Tiketi ninayo, mimi ni mtu wa kuweka makaratasi. Nikaitafuta nikaipata kwenye mfuko wa koti. Ni nusu. Nusu nyengine ilichanwa mlangoni ikabaki kwa mkaguzi. Nyuma ya nusu yangu pameandikwa "Tiketi hairejeshwi" basi. Kama sharti la kuuza uso wa baba yangu lilikuwapo, lilikuwa kwenye ile nusu waliyobaki nayo wao! Na hata kama lingekuwapo zima, mzee miwani yake kaiacha nyumbani, foleni inasukumana, askari anapiga filimbi. Nani kasoma?

Tukubaliane kitu kimoja hapa maana najua watakuja wale wa "ulikuwa hadharani". Naam, nilikuwa hadharani. Darajani pia ni hadharani. Je, nikinunua samaki pale, mtu anipige picha kisha aniweke kwenye bango la dawa ya nguvu za kiume, mtasema si ulikuja sokoni mwenyewe? Kuonekana ni kitu kimoja na kutumiwa ni kitu chengine. Kuuonesha umma kilichotokea uwanjani ni habari. Ukichukua kile kilio, ukakikata kutoka kwenye bao lililokileta na kukishona kwenye mkeka wa kubeti, hapo hakuna habari tena. Umemfanya mtu aseme asichokisema. Mzee alilia kwa ajili ya timu, wao wamemliza kwa ajili ya pesa.

Mwengine aliniambia picha ni mali ya aliyepiga. Sawa, hakimiliki ni yake, na Zanzibar tuna Sheria ya Hakimiliki tangu 2003. Lakini mshoni mkasi ni wake, kitambaa ni changu.

Mpwa wangu anasoma sheria, nikamtwisha kazi badala ya kumlipia nauli ya meli bure. Kaniletea haya. Katiba ya Zanzibar ya 1984 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa nafsi yake na maisha yake binafsi. Kisha ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake imezinduliwa Aprili 2024. Taarifa ikikusanywa kwa kusudi moja haichukuliwi tu ikapelekwa kusudi jengine, na mtu ana haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kumtangazia mtu biashara. Nikafurahi. Nikasema basi tumemaliza.

Hatujamaliza. Sheria yenyewe inasema inatumika Bara na Zanzibar, isipokuwa kwa Zanzibar haigusi mambo yasiyo ya Muungano. Na michezo si jambo la Muungano! Sisi tuna shirikisho letu, tuna baraza letu la michezo. Sasa mtu akilizwa kwenye uwanja wa Zanzibar, uso wake ukauzwa na kampuni ya ng'ambo ya maji, ukatembea mtandaoni, hilo ni la huku au la huko? Mpwa wangu anasema tangazo limetengenezwa na kusambazwa Bara, kwa hiyo Tume inaweza kulishika. Mtu mwengine niliyemuuliza akasema nianze huku. Nikianza huku nitaambiwa niende huko, nafahamu. Wazanzibari tumeshazoea: CAF yenyewe, shirikisho la mpira la Afrika, ilitupa uanachama Machi 2017, Julai mwaka ule ule ikatunyang'anya. Mguu ndani mguu nje.

Wakenya hapo jirani wameshatangulia. Ofisi yao ya kamishna wa ulinzi wa data iliipiga kampuni ya simu ya Oppo Kenya faini ya shilingi milioni 5 za kwao kwa kuweka picha ya mtu kwenye ukurasa wao wa Instagram bila ya ridhaa yake. Mwaka 2023 wakaipiga skuli moja faini ya zaidi ya milioni 4.5 kwa picha za wanafunzi, na klabu ya starehe ya Nairobi karibu milioni 2 kwa picha ya mteja aliyekuja kustarehe. Huyo naye alikuwa amekuja mwenyewe! Alikuwa hadharani! Hoja ya "ulikuja mwenyewe" haikumsaidia mwenye klabu. Wajerumani nao wana sheria ya tangu 1907: picha ya mtu haisambazwi bila ya idhini yake, ila akiwa ni mmoja katika umati hapo ruhusa haihitajiki, na hata hapo kuna mpaka. Yaani zaidi ya miaka 100 watu wameshatenganisha umati na mtu. Picha ya jukwaa zima siigombi. Kamera ikimtoa mtu mmoja katika jukwaa, ikamkuza mpaka unahesabu ndevu zake, huyo si umati tena. Ni mzee fulani, ana jina, ana watoto.

Na msiniambie shabiki hana thamani, ndiyo maana halipwi. Mwaka 2020 wakati wa korona, viwanja vikiwa vitupu, walifanya nini? Uingereza na Ujerumani walitia sauti za mashabiki za kubandika kwenye televisheni, kwa sababu mpira mkavu bila ya makelele haunogi. Korea Kusini klabu ya FC Seoul ikapanga masanamu kwenye viti, kumbe ni masanamu ya mambo ya aibu, ikatozwa faini ya won milioni 100. Borussia Mönchengladbach ya Ujerumani iliweka picha za mashabiki za karatasi ngumu jukwaani, na shabiki mwenyewe alilipa yuro 19 ili picha yake iwekwe. Hao waliombwa, wakataka, wakaleta picha wenyewe. Hapa kwetu haki za kurusha Ligi Kuu Bara ziliuzwa mwaka 2021 kwa shilingi bilioni 225.6 za miaka 10. Wanaonunua wananunua wachezaji 22 na nyasi? Wananunua na sisi. Mchezaji picha yake ina kifungu kwenye mkataba. Sisi tuna nusu ya tiketi.

Lakini nasema tena, sitaki pesa. Kuna jamaa barazani kaniambia "dai milioni 50, mzee ajenge". Pesa ya kamari iingie nyumba ile? Mzee atanitoa nje na godoro langu. Ninachotaka: tangazo liondolewe kila mahali, na kampuni iseme hadharani, kwa maandishi, kwamba mzee yule hakuombwa, hakukubali na hakulipwa hata senti. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Watoe pale pale walipolitoa tangazo, si barua ya kunitumia mimi nikaifungie kabatini.

Na nyinyi waandaaji, sharti lenu liandikeni mlangoni kwa herufi za kusomeka na kwa Kiswahili, mseme: picha zenu zitarushwa kwenye mechi na habari za mechi. Mkitaka kumuuza mtu kwenye tangazo, mfuateni. Pemba hii si kubwa. Mngeuliza baraza yoyote "yule mzee aliyelia ni nani" mngeletwa mpaka mlangoni na mngepewa na gahawa. Mngepewa na jibu pia.

Kuhusu watoto sijataka hata kuanza. Kwenye tangazo lile lile, sekunde ya 14, yumo mtoto wa kiume kabebwa mabegani, kapakwa rangi usoni, hazidi miaka 7. Mtoto, kwenye tangazo la kamari. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ipo tangu 2011. Wazazi wake pengine hata hawajui.

Ninaomba msaada wa namna mbili. Kwanza, mwenye kuliona tangazo popote alinakili, na tarehe na saa zionekane, maana huku kwangu naona wameanza kulifuta kimyakimya na kesho watasema halikuwapo. Pili, waliomo mle ndani wanitafute kwa ujumbe wa siri. Mama mwenye mtandio wa kijani aliyeshika kichwa. Vijana wawili waliokumbatiana nyuma yetu. Baba wa yule mtoto. Mtu mmoja akilalamika anaambiwa ana gubu. Tukiwa watano watatusikiliza.

NYONGEZA, saa 4 usiku:
Nimesoma majibu yenu. Aliyesema "mzee wako kawa staa, shukuru": sina la kukujibu, Mungu akupe baba yako akiwa mzima kwenye bango la bia. Aliyeuliza kama mzee bado anatazama mpira: juzi timu yake ilicheza, nikamwambia twende. Akasema atasikiliza redioni. Nikamwambia redio betri zimekwisha. Akasema basi.

Mama wa mtandio wa kijani, nimeupata ujumbe wako. Kesho baada ya sala ya alasiri nitakupigia.