Babu aliwekwa kizuizini Mageta: je, barua zake zilipotelea wapi?

Mjukuu wa Njoro:
Hamjambo wazee na ndugu zangu. Babu yangu alikuwa skwota, yaani kibarua aliyeishi na kulima katika shamba la mlowezi, huku Njoro, Bonde la Ufa. Wakati wa Hali ya Hatari (1952–1960), serikali ya kikoloni ilipopambana na Mau Mau, alikamatwa, akahamishwa kambi hadi kambi mpaka akafikishwa kisiwa cha Mageta, katika Ziwa Viktoria. Nyanya aliishi miaka hiyo yote bila kujua kama yeye ni mke au mjane. Kila alipofua, alifua pia shati la babu ambalo halikuwa na uchafu wowote, akalianika pamoja na nguo za watoto. Babu aliporudi alishikilia kwamba alikuwa akiandika barua, lakini nyanya hakupata hata moja. Wote wawili wametutoka, na hadi leo wapo katika ukoo wanaosema kwamba alituacha. Naomba msaada wa kuujua ukweli.

Mwana wa Usenge:
Poleni sana. Mashua za Mageta huondokea huku kwetu Usenge. Mfungwa aliyetoka Njoro alizungukwa na maji, na ng'ambo ya maji hayo kuna watu wa lugha nyingine wasio na jamaa yake yeyote wa kupokezana ujumbe, kwa hiyo tegemeo lake lilikuwa barua tu, nazo zilisomwa na maofisa kabla ya kutumwa.

Mwalimu, Kisumu:
Ndugu, ulizeni kwanza nyanya alikuwa wapi. Kuanzia mwishoni mwa 1952, maelfu ya maskwota Wakikuyu walifukuzwa katika Bonde la Ufa na kurudishwa Kiambu, Murang'a na Nyeri, na kuanzia 1954 watu wa huko wakakusanywa katika vijiji vilivyolindwa na homugadi, yaani walinzi Waafrika wa upande wa serikali ya kikoloni. Ikiwa naye alihamishwa, basi babu pia hakujua mkewe yuko wapi, na huenda aliendelea kuandika kwa anwani ya mlowezi. Sioni haki ya kumlaumu. Tafuteni jina lake katika Makavazi ya Kitaifa, Moi Avenue, Nairobi, mkijaribu kila tahajia, kwa kuwa makarani waliandika majina walivyoyasikia. Faili ambazo Uingereza ilizificha hadi 2011 sasa ziko katika Makavazi ya Taifa ya Uingereza, Kew, London, katika mfululizo wa FCO 141.

Mjukuu wa Njoro:
Ahsante, mwalimu. Nyanya alipelekwa Murang'a, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuhusisha safari ile na barua. Namba ya kipande cha babu, yaani kitambulisho chake cha enzi za ukoloni, tunayo, kwa hiyo nitaanzia Moi Avenue, na nitawasomea wajomba maelezo yako kama yalivyo.